Sauti ya Casilda

Casilda alijipatia riziki kwa koo lake. Filamu zilipotafsiriwa, waigizaji wa kigeni walizungumza kwa sauti yake katika majumba ya sinema ya Madrid, ilhali sura yake hakuna aliyeijua.

Mwaka 1966 aliingiza sauti katika filamu ya wanawake wawili waliopendana. Wakaguzi wa serikali walikata kila neno “mpenzi” kwa kalamu nyekundu, wakaandika “dada.” Casilda akasema “dada” kama alivyoagizwa, akarudi nyumbani kwa Herminia, mfamasia aliyeishi naye. Majirani waliambiwa ni binamu yake.

Jenerali aliyetawala kimabavu alikufa, nchi ikaanza kupumua. Mwaka 1983 msimamizi wa studio, Anselmo, akampigia simu.

“Televisheni wanaitaka ile filamu. Safari hii kama ilivyoandikwa.”

“Sauti yangu imezeeka, Anselmo.”

“Yangu je? Njoo.”

Casilda akamgeukia Herminia. “Watu wa jengo hili wataijua sauti yangu. Watasemaje?”

“Waseme! Miaka ishirini nimekuwa binamu yako, na shangazi wa kutuunganisha hayupo!”

Studioni sauti ilimkauka mara mbili. Mara ya tatu akafumba macho, akasema: “Mpenzi wangu, usiende.” Anselmo hakumwomba arudie.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri. Bi Patro, mjane wa ghorofa ya pili, alikuja kuitazama kwao, kwa kuwa televisheni yake ilikuwa mbovu. Neno “mpenzi” lilipotamkwa, Casilda alikazia macho kikombe chake.

“Washenzi wale!” Bi Patro akafoka.

Casilda akainua macho. “Nani, Bi Patro?”

“Wakaguzi! Mwaka ule niliona madada wanatazamana vile, nikadhani nina mawazo machafu. Nilikwenda kuungama! Padri akaniamuru nisali rozari nzima. Kumbe walikuwa wapenzi tu, maskini.”

Herminia alicheka mpaka machozi. Kisha akajikaza. “Bi Patro, hata mimi si binamu yake.”

“Mwanangu, nani kakuuliza? Mimi nakaa chini yenu, na sakafu ya jengo hili ni nyembamba kama karatasi. Hebu nisogezee mkate, na mninyamazie, filamu haijaisha.”

Casilda alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo akagundua bega lilikuwa limekufa ganzi. Akaushika mkono wa Herminia juu ya meza, mbele ya mgeni, na wakatazama hadi mwisho.