Blugamu Kumi na Mbili

Marehemu mume wangu alipanda zile blugamu kumi na mbili, mikaratusi mirefu, mwaka tuliooana, ili upepo wa mlimani usiichape chai yetu. Alipofariki zilikuwa zimeipita nyumba kwa mbali. Mimi ndiye niliyezikata, na sitamsingizia mtu.

Watu wa kampuni fulani walikuja wakasimamisha mlingoti mwembamba wa chuma kwenye shamba langu, hapa juu ya Merigi, wapime kama upepo wetu unatosha kuzalisha stima. Injinia wao akaniambia, "Mama, hii miti inatuharibia upepo." Nilicheka. Ati upepo nao unaharibika? Lakini kijana wangu wa pekee alikuwa amesomea mambo ya stima, na injinia akaahidi kwamba yale mapanga makubwa ya mitambo ya upepo yakianza kuzunguka, mafundi watatoka hapa hapa. Nilishamwona mwanangu akirudi jioni, akila ugali mezani kwangu. Kesho yake nikamwita mwenye msumeno wa mashine.

Halafu serikali ikatangaza kwamba haitatia sahihi mikataba mipya ya kununua stima mpaka ichunguze ile ya zamani. Nilisikia kwa redio nikikamua ng'ombe. Kampuni ikangoja, ikachoka, ikaja kung'oa mlingoti wake. Mwanangu naye akangoja, akachoka, akaenda Qatar. "Mvumilivu hula mbivu," akina mama wa kanisa wakanipoza. Mbivu gani, na miti nimeshakata?

Siku hizi upepo unaingia kwangu kama mwenye nyumba. Unang'oa mabati ya zizi, unakausha machipukizi ya chai, na kutwa nzima sina hata mtu wa kumwambia, "Funga huo mlango." Nawasha redio ili nisikie tu mtu akiongea. Haki, upweke ni kitu kibaya.

Jumapili iliyopita, nimetoka kanisani, redio ikasema serikali imeruhusu mikataba tena. Sikuvua hata kitambaa cha kichwani. Nilitoka mbio hadi kwenye visiki, ambako simu hushika vizuri, nikampigia mwanangu kumpa habari.

"Mama, nimeshaongeza mkataba wangu wa kazi huku," akasema. "Na hao wa serikali unawajua. Leo ndiyo, kesho hapana."

Niliketi juu ya kisiki, upepo ukinipiga usoni.

"Na hiyo ni nini inavuma hivyo?" akauliza. "Uko kando ya barabara?"

"Hapana," nikamwambia. "Niko nyumbani. Hiyo ni kazi yako inapita."