Mtaro wa Ghala la Susu

Juzi mvua ilinikuta kwa binti yangu, na nilipoona maji yakiteleza kutoka kwenye bati hadi bombani bila mtu kuhangaika, nilicheka peke yangu. Ningemweleza vipi kwamba sisi maji ya namna hiyo tulipigana nayo kwa majembe?

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na Matiliku. Nyanya yangu aliyenilea, Susu kama tulivyomwita, alikuwa na ghala nyuma ya jiko, la fito na nyasi, likinukia kunde kavu na moshi. Lilikaa chini ya mteremko, na mvua za mwaka uliotangulia zilipita chini yake mpaka mtama ukaota humo humo ndani. Baba, aliyekaa Kiboko, alisema waziwazi kwamba chakula kikiharibika tena atakuja na mkokoteni amhamishie Susu kwake. Susu alipenda nyumba yake kuliko kitu chochote, nami nilimpenda yeye, kwa hiyo nilikosa usingizi.

Akaita mwethya, kile kikundi cha akina mama waliolimiana kwa zamu. Walikuja na majembe na nyimbo, Susu akapika mahindi na mbaazi sufuria ikafurika. Wakachimba mtaro mrefu juu ya ghala, uliolala sawasawa bila kushuka upande wowote, kama ile mitaro ya mashambani. Kwetu Ukambani, kwenye ukame ule, nani aliwahi kuchimba mtaro wa kupoteza maji? Mtaro ulikuwa wa kuyashika. Mvua ya kwanza ikaujaza, maji yakatulia humo kwa raha zao, yakapenya udongoni mpaka chini ya ghala. Nililia.

Susu hakulia. Alisimama mvuani, gunia kichwani, akiyatazama maji yaliyogoma kuondoka. Kulipokucha akawaita wenzake tena, akawaomba waukate mtaro ule uende ukishuka hadi kwenye migomba. Jirani akashika kiuno.

"Wee mama, maji ya Mungu unayafukuza, na hii Ukambani yetu?"

"Siyafukuzi. Yaende kwa migomba, yaachane na chakula yangu."

Wakacheka, wakachimba. Mimi nilibeba udongo kwa kiondo mpaka shingo ikauma. Mvua iliyofuata ilishuka kwa hasira. Tulisongamana mlangoni mwa jiko, tukayaona maji mekundu yakija, yakaingia mtaroni, yakageuka, yakakimbilia migombani. Akina mama walipiga vigelegele wakiwa wamelowa chapachapa. Sijaonja ushindi mtamu kama ule tena.

Baba alikuja na mkokoteni kama alivyoahidi. Akatia mkono ghalani, akatoa kunde, akatafuna moja.

"Mama, ni kavu," akasema.

Susu akamwambia basi apakie gunia moja, wadogo zangu wa Kiboko wasilale njaa. Mkokoteni uliokuja kumbeba ukaondoka umebeba mavuno yake.

Ghala lile halipo, wala migomba, na nyimbo za mwethya siku hizi husikii. Nazikosa sana. Lakini Susu hakuhamishwa na mtu. Alizeeka kwake, akafia kwake, na mpaka mwisho ni yeye aliyekuwa akitulisha sisi.