Dobi wa Bibi Brunissenda

Peirona alikuwa dobi wa ngome ya Rocafelha kwa miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza neno. Alikuwa mjane, hana mtoto, miguu imevimba kwa baridi ya mto. Nguo zilishuka chafu, zikapanda safi, basi.

Mambo yaligeuka mwaka ule bwana mkubwa alipouawa vitani, kabla zabibu hazijavunwa. Mkewe, Bibi Brunissenda, aliyekuwa na binti mmoja tu, mdogo, alitangaza mbele ya makabaila kwamba ana mimba ya marehemu, na mpaka mtoto azaliwe, funguo na muhuri vitakaa kwake. Shemeji yake, Arnau, alikuwa ameshafunga mizigo kuja kukalia kiti. Ikambidi angoje, lakini akamwacha ngomeni askari wake wa farasi, Sicard, awe macho yake.

Katikati ya Novemba, Peirona alifungua furushi lililotoka chumbani kwa Bibi, akakuta shuka imelowa damu. Si damu ya kujikata kidole. Mimba ilikuwa imetoka, na waliojua ni watatu: Bibi, kijakazi wake, na yeye.

Akaizamisha shuka mtoni, akaisugua kwa chumvi na majivu. Ilikuwa imeanza kutakata aliposikia kwato kwenye changarawe.

"Umewahi leo, mama," Sicard alisema, akishuka.

"Nguo hazijifui, bwana."

"Za Bibi hizo?"

"Za ngome nzima. Hata zako zimo, zile zinazonuka farasi."

Sicard alicheka kidogo, akachokoa kapu kwa ncha ya upanga. Akainua kitambaa ambacho Peirona hakuwa amekiona. Kilikuwa na doa jekundu.

"Na hiki?"

"Changu hicho."

"Chako? Kwa umri huo, mama, bado unaingia mwezini?"

Peirona alimnyooshea mikono tu. Maji ya majivu yalikuwa yameipasua kama kila msimu wa baridi, na damu ilichuruzika kwenye vifundo. Sicard aliitazama mikono, akakitazama kitambaa, akakitia kifuani.

"Jumapili askofu atakuwepo. Maneno yako utayasema umeshika mifupa ya mtakatifu."

Siku nne zilizobaki alifua huku akikiwaza kiapo. Anayeapa uongo juu ya mifupa huungua milele. Hilo alilijua tangu utotoni. Akisema kweli, Arnau ataingia na watu wake, na ni huyo Arnau aliyechoma vijiji viwili vya bondeni, watu wakiwa ndani. Dada yake Peirona bado aliishi bondeni huko, katika kijiji kilichosalia.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bibi aliketi juu, mkono tumboni, wala hakumtazama. Peirona akaweka viganja juu ya sanduku la mifupa.

"Naapa, tangu bwana afe, sijafua damu ya Bibi."

Akafumba macho akingoja kupigwa na radi. Alichosikia ni kikohozi cha askofu.

Kiapo kikakubaliwa, na Bibi akapata miezi mitatu. Alijifunga matambara tumboni, na huku akiwaapisha makabaila mmojammoja kwamba watamtii binti yake wa miaka sita, na yeye mwenyewe atawale mpaka binti akue. Akaleta askari wa ndugu zake kutoka ng'ambo ya milima. Februari akatangaza kwamba mimba imeharibika. Arnau alikuwa ameshachelewa.

Siku ileile alimwita Peirona.

"Hujaja kuniomba kitu."

"Sina shida, Bibi."

"Mtu asiye na shida hunitia hofu, Peirona." Aliyasema kwa upole, kama anayezungumzia mvua. "Utahamia humu ndani. Mtoni ataenda mwingine."

"Na dada yangu, Bibi? Naweza kwenda kumwona?"

"Hapana."

Akapewa chumba karibu na jiko, blanketi la sufi, na nyama kila Jumapili. Lango hakulivuka tena. Kijakazi yule walisema amepelekwa kwa watawa. Watawa gani, hakuna aliyejua. Peirona hakuthubutu kuungama, maana padri alikula mezani kwa Bibi. Aliishi hivyo miaka saba, mikono ikapona, na kila hatua za mtu ziliposimama mlangoni aliweka kijiko chini, akasubiri zipite.