Dodoso la Kumi

Nyumbani walimwita Profesa tangu darasa la tatu, kwa sababu ya miwani na ubishi. Sasa uprofesa wenyewe ulianza kunukia. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na alipata nafasi ya miezi sita ng'ambo, kwenye kambi ya wakimbizi: asubuhi kujitolea zahanati, mchana kuhoji watu kwa ajili ya utafiti wake kuhusu waliolazimika kuhama makwao. Viza ilishatoka. Kilichobaki ni madodoso kumi ya majaribio, yawe mezani kwa msimamizi wake Ijumaa saa sita mchana. Yakipungua, nafasi anapewa mwingine.

Mpaka Alhamisi alikuwa nayo tisa. La kumi alimwekea mama yake, aliyeishi kambini utotoni. Wenzake walikuwa wakitafuta wahojiwa wa namna hiyo kwa tochi; yeye wake alikuwa sebuleni, nyuma ya cherehani, akishona sare za shule.

Fomu ya ridhaa aliisoma mbiombio, mama akaitikia tu. Maswali kumi na mawili yakapita bila shida.

"Na hili swali la choo nalo mtalitia kitabuni?" mama akatania.

La kumi na tatu liliuliza kama kuna ndugu waliyepoteana naye njiani. Cherehani ikasimama.

"Basi, mwanangu. Mimi naishia hapo."

"Mama, yamebaki manne tu!"

"Nimesema naishia hapo."

Utaratibu wa kazi ile hauna huruma: mhojiwa akijitoa, dodoso lake linachanwa lote. Profesa akaingia nalo chumbani. Majibu aliyajua. Mama mdogo alishamsimulia habari za mjomba aliyepotea akiwa na miaka minne, hadi rangi ya shati lake. Kujaza ni dakika tano, na nani angejua? Alikaa na kalamu mkononi, amemkasirikia mama yake, na kuikasirikia hasira yenyewe. Mwishowe akalichana.

Ijumaa msimamizi alihesabu mara mbili.

"La kumi liko wapi?"

"Mhojiwa alijitoa."

"Kwa nini?"

"Sikumuuliza."

"Tulisema kumi. Una saa mbili."

Hakusifiwa wala hakupigwa begani. Alishuka ngazi mbio, akamkuta mlinzi wa geti, mtu aliyehamishwa na mafuriko miaka ya nyuma, naye akajibu maswali yote kumi na sita huku akifungua na kufunga geti. Saa sita kasoro dakika nane, msimamizi akatia sahihi.

"Nasafiri, mama," alisema alipofika nyumbani.

Mama akafurahi, akamkumbatia, kisha akarudi kwenye kitambaa chake.

"Ile karatasi yangu umeipeleka?"

"Niliichana."

Mama alikata uzi kwa meno.

"Kule kambini walikuja wengi na kalamu zao. Nikinyamaza mimi, wanamgeukia bibi yako. Hawaondoki mpaka alie."