Chumvi Chini ya Gari

Mafuta ya breki yana harufu yake, na mimi huisikia pamoja na ya maziwa yaliyochacha, kwa sababu katika masika moja ya utoto wangu, miaka ya hamsini, vyote viwili vilimwagika mahali pamoja. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Kibabi, milimani magharibi ya Goma, kwenye malisho ya baridi ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka. Papa alikuwa na kamioneti, kigari kuukuu cha mizigo, aliyoipata kwa mlimaji mmoja wa kahawa kwa kumpa ng'ombe. Asubuhi iliteremsha maziwa hadi Sake, jioni ikapandisha chumvi ya ng'ombe. Magunia yalivuja. Haba na haba hujaza kibaba, na chumvi yetu ilijaza kibaba chake chini ya gari, katikati ya tope na vyuma. Ng'ombe waligundua kabla yetu: kila gari liliposimama, walikuja kuingiza vichwa chini na kulamba. Sisi watoto tulicheka sana. Papa naye alicheka, akasema gari lake limepata wachumba.

Alicheka mpaka siku pedali ya breki ilipozama hadi chini, kwenye mteremko. Aligeuza usukani akaligonga gari kwenye ukingo wa udongo; yeye akatoka mzima, maziwa yote yakaenda mtaroni. Bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma lilikuwa limeliwa na kutu ya chumvi ile hadi likatoboka. Wakati huo Mama alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake aliyetangulia alifia nyumbani, kabla hata ya kulia, na muuguzi alikuwa ameonya kwamba huyu azaliwe hospitali, kule chini. Kwa kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, njia yenye tope ingechukua siku nzima. Kwa gari lisilo na breki, safari ingekuwa fupi mno.

Fundi alipanda kutoka Lushebere na mabomba mawili, akayalaza juu ya mkeka uani. Moja lilikuwa la shaba, limetolewa kwenye mtambo wa zamani wa kupoza maziwa. Lilipindika kwa vidole, tena liling'aa. La pili lilikuwa la chuma, kutoka lori lililokufa kwenye misitu ya Walikale, gumu, lenye rangi ya moshi. Papa alikwisha kulipenda la shaba, na mimi nililipenda pamoja naye.

"Hii haikamatake kutu, Papa," fundi alisema. "Lakini barabara yetu inatikisa sana. Shaba ikitikiswa inachoka, inakuwa ngumu, siku moja inapasuka."

"Itaonyesha kitu mbele ya kupasuka?" Mama aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni, akitikisa kibuyu cha kutoa siagi.

"Hapana, Mama. Inapasuka tu."

"Na ile ya chuma?"

"Ile itaoza. Lakini utaiona vile inaoza."

Mama aliweka kibuyu chini. "Ng'ombe yenye kukohola unaiona, unaitunza. Ile inalala muzima na asubuhi imekufa, utaitunza namna gani? Muweke chuma. Na chumvi ipande na miguu ya watu, isiingie tena mu gari."

Dalili ya mvua ni mawingu, na Mama alitaka bomba lenye mawingu. Papa aliitazama ile shaba kama mtu aliyenyimwa mchuzi, kisha akakubali. Mimi nilikasirika, kwani kwa macho yangu uzuri ulikuwa umeshindwa bure. Lakini kazi ya kutoa hewa katika mabomba ilinihitaji, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamelala chini ya gari. Nilining'inia kwenye usukani, miguu yote miwili juu ya pedali, nikikanyaga na kuachilia kwa sauti ya fundi, hadi pedali ikakaza, nikahisi nimesimama juu ya jiwe. Tangu hapo, kila Jumamosi, nililipangusa bomba lile kwa kitambaa chenye mafuta machafu ya injini, kuzuia kutu.

Uchungu ulimshika Mama asubuhi ya mvua. Alifika kwenye gari ameshikilia tumbo, na kabla ya kupanda akainama, akalitazama bomba. Halafu akapanda. Tuliteremka, na kila kona gari lilitii. Jioni nilionyeshwa mdogo wangu, akilia kwa hasira, na nilifurahi kuliko nilivyojua kusema.

Leo mdogo wangu ni mzee wa Goma mwenye kamioneti ya aina ile ile, anayoitengeneza kwa mapenzi ya mtu asiye na ng'ombe. Ameweka mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Anasema hayashiki kutu, wala hayachoki upesi. Namwamini. Ni bora kuliko yote mawili yaliyolazwa uani kwetu, na chuma sikililii. Hata hivyo, siku aliyokuja kunichukua, nilishika mlango nikainama, magoti yakilalamika.

"Dada, unatafuta nini kule chini?" alicheka. "Hii haiozake."

"Mama aliangalia hapa mbele ya kukuzala."

Akaacha kucheka. Kisha akainama naye.