Mpishi wa Dirisha la Nyuma

Kwa miaka kumi na sita Mama Sufuria amepika chakula cha mchana katika shule ile ile, na hakuna mwalimu mkuu aliyepita pale bila kugombana naye. Mdomo wake hauna breki. Wanafunzi wanampenda kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya wakubwa wamkwepe.

Jikoni kwake imebandikwa sheria moja tu: anayekula ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha ya waliochangia. Wasiokuwemo hujibanza nyuma ya vyoo mpaka kengele ilie, wakijifanya hawana hamu ya kula. Mama Sufuria anawajua mmoja mmoja. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nne, baada ya kuchapwa kila siku kwa kusinzia, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama asubuhi ametia kitu tumboni. Jambo hilo linamuuma hadi leo. Ndiyo maana, sahani zikishagawiwa, hubandua ukoko wa wali, akaulainisha kwa mchuzi aliousahau makusudi, na kuupitisha kwenye dirisha la nyuma. Watoto huupokea kwa vifuniko vya makopo. Hapo hasemi neno. Ni dakika pekee ya siku ambayo mdomo wake hupumzika.

Muhula huu wanafunzi wa klabu ya habari walikuja kupiga filamu kuhusu njaa ya watoto, ya kuonyeshwa kwenye mkutano wa wazazi. Kiongozi wao, binti mwembamba anayeitwa Mhariri, alizunguka na kamera jikoni siku tatu. Wakapiga masufuria, moshi, foleni, na kwa nia njema kabisa wakapiga na dirisha la nyuma. Walichoona wao ni wema. Hawakujua kwamba wanamchongea mtu.

Mwalimu mkuu aliitazama filamu ofisini kwake, akamwita mpishi.

"Mama, hili ni la kukufukuzisha kazi. Waambie hao watoto wakate hiyo sehemu, tuyamalize hapa hapa."

Mchana ule Mama Sufuria alimenya vitunguu. Nyumbani ana wajukuu wawili wanaomtegemea yeye tu. Aliogopa, tena sana. Mhariri, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia, akaingia, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama. Tusamehe, tumekuponza. Tutakata ile dakika moja tu."

"Marahaba. Ukiikata, kinabaki nini?"

"Masufuria."

"Kwani ulikuja kupiga njaa au kupiga masufuria?" Mpishi alitupa kisu mezani. "Iache ilivyo. Ila sura yangu itoke vizuri, nisije nikafukuzwa nikiwa kama mzimu."

Mhariri alicheka huku machozi yakimtoka.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Dirisha lilipotokea ukutani, na mikono midogo imenyooshwa, mwalimu mkuu aliinuka mbio akazima projekta.

"Ndugu wazazi, hilo ni kosa la mpishi. Kuanzia kesho hatakuwa nasi."

Mama Sufuria alisimama na aproni yake.

"Sawa, Mwalimu, nimekubali. Lakini kesho saa saba watakuja tu. Hawajui habari za mkutano, wanajua njaa. Wako ishirini na watatu. Sasa tuambie hapa mbele ya wazazi: nani atasimama pale dirishani awaambie hakuna? Wewe?"

Mwalimu mkuu alijisogeza mbele ya projekta. Minong'ono ikazagaa. Kisha fundi viatu mmoja, aliyekaa safu ya mwisho, akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Washeni hiyo mashine," alisema. "Yule wa kwanza pale dirishani ni mwanangu. Kila siku huniambia amekula shuleni, nami nilidhani ananidanganya ili nisiumie."

Mwalimu mkuu hakuondoka mbele ya projekta. Mhariri alimpita pembeni, akaiwasha.