Pedi za Breki za Mama Pazia

Nani alikudanganya kwamba gari zuri ni lile linalokimbia? Simama kando ya barabara yoyote jioni usikilize vijana wanavyosifu magari: injini, mlio wa ekzosi, rimu zinazong'aa. Sijamsikia hata mmoja akisifu breki. Wauzaji wa takataka zilizofungwa kwenye maboksi mazuri wanalijua hilo, na ndilo linalowalisha. Ajali ikitokea watu wanatikisa kichwa na kusema bahati mbaya. Bahati mbaya gani, wakati kila kitu kilikuwa kimeandikwa pembeni mwa pedi na hakuna aliyejali kusoma?

Basi, nimeanza kwa hasira kama kawaida yangu. Nilikaa chini kuandika habari za shangazi yangu.

Shangazi anashona mapazia. Mtaa mzima unamwita Mama Pazia, na anaitika jina hilo haraka kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Chumba cha mbele cha nyumba yake hakina kochi. Kina meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa kwenye kona kama wageni waliokosa viti. Wageni wenyewe hukalia majora yaliyolazwa. Hashoni pazia la mtu kabla hajasimama mbele ya dirisha lenyewe. Mteja akileta vipimo kwenye karatasi, Shangazi huvipokea kwa adabu, huviweka chini ya mkasi, halafu huuliza: "Jua linaingia upande gani? Mnalala saa ngapi? Kuna mtoto anayepanda madirisha?" Wengine huondoka wakinung'unika kwamba walikuja kutafuta pazia wakafanyiwa mahojiano. Wengi hurudi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya anunue gari. Ni gari dogo la zamani la milango minne, lililokuwa la bluu kabla jua halijaamua vingine. Juu hubeba fimbo za chuma za kuning'inizia mapazia, ndani vitambaa, nyuma cherehani ya tatu. Nyumba yake iko juu kabisa ya mlima, na mji uko chini. Ukitoka getini kwake, jambo la kwanza ambalo gari linafanya ni kushuka.

Siku breki zilipomwacha, alikuwa amebeba mapazia ya nyumba nzima ya wageni, na mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Katikati ya mteremko walisikia harufu ya kuungua. Walipofika kona ya mwisho, pedali ilikuwa ngumu vilevile, mguu unakanyaga, lakini gari linateleza tu kama lililoambiwa lisimame likipenda. Shangazi akashusha gia, akavuta breki ya mkono, akaliingiza gari kwenye lundo la mchanga la watu waliokuwa wanajenga. Hakuna aliyeumia. Mapazia hayakupata hata mkunjo. Bibi alitoka, akakung'uta nguo yake polepole, akasema, "Mimi na magari, basi."

Tungelichukulia kama neno la hasira tu, kama si macho yake. Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amefikia kututambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Hospitali iko upande wa pili wa mji. Alikuwa amesubiri nafasi ya upasuaji kwa muda mrefu, na sasa alikuwa amepangiwa Ijumaa. Akiikosa, anarudi mwisho wa foleni, na kwa umri wake hakuna aliyetaka kusema mwisho wa foleni uko wapi.

"Tutakodi teksi, Bibi," nilimwambia.

"Gari la mwanangu niliyemzaa limenitupa mchangani. La mtu baki litanitupa wapi?"

"Sasa utafikaje?"

"Sifiki. Niliyoyaona yananitosha. Hata wewe, mume wangu, sura yako ninaikumbuka. Haikuwa mbaya sana."

Nilicheka. Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi mkunjo wa juu wa pazia, hakucheka. Alisimamisha pasi wima na kunifuata nje.

"Namjua mama yangu," alisema. "Gari jingine hatalipanda. Akipanda, atapanda hili. Kwa hiyo hili lazima lisimame."

Fundi alifungua magurudumu. Diski zilikuwa nzima na mipira ya breki haikuvuja. Mafuta ya breki yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, akayamwaga na kuweka mapya. Halafu akatuonyesha pedi. Uso wa pedi ulikuwa umeungua mpaka ukawa laini na kung'aa kama kigae.

"Hizi ni za kumfikisha mtu dukani na kurudi," alisema. "Kwa mlima wako na mzigo wako, Mama Pazia, tafuta za daraja la juu. Ukizipata nitafunga."

Hapo ndipo Turbo alipoingia. Turbo ni binamu yangu, kitinda mimba wa Shangazi. Siku za kazi anaendesha gari la kusambaza mikate, zamu ya jioni, na siku za mapumziko hapatikani popote isipokuwa kwenye mashindano ya magari. Alikuja na boksi kwapani, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama, hizi ndizo zenyewe. Za mashindano. Hata zikiwaka nyekundu kama mkaa hazikuachi."

Nami niliona ni haki kabisa. Kwa nini wakimbizaji wa magari ndio wapewe breki za maana, na mshona mapazia aliyebeba mama yake apewe makombo? Nilisema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Umemaliza hotuba?" Shangazi aliuliza. "Haya. Zifungwe, tuzijaribu."

Zilifungwa. Asubuhi iliyofuata, kukiwa bado na ukungu, tulitoka watatu getini. Kwenye kona ya kwanza Shangazi alikanyaga, na gari likaburuta miguu. Akakanyaga kwa uzito wake wote, na Mama Pazia si mwepesi. Likapungua mwendo kwa shingo upande, magurudumu ya kushoto yakigusa ukingo wa lami. Tulipofika chini, pedi zikiwa zimeshapata moto, aligusa pedali kidogo tu na mikanda ikatukaba vifua.

"Sasa zimeamka," alisema.

"Zinataka joto kidogo ndiyo zishike, Mama," Turbo alijitetea. "Kule kwenye mashindano wanazipasha kwanza. Wanazunguka uwanja, halafu..."

"Mimi nizipashe wapi? Natoka getini, nashuka. Nizungushe gari sebuleni?"

Turbo akageukia dirishani.

"Zimefanana na wewe," Shangazi aliendelea, sasa akitabasamu. "Ukiamka saa sita mchana unafanya kazi vizuri sana. Mimi namtafuta wa asubuhi."

Hilo ndilo sisi watu wa mlimani tunalolisahau, na hakuna muuzaji anayetukumbusha. Watu wa chini wanaufikia mlima breki zao zikiwa zimeshachemka mjini. Sisi tunauanza mteremko breki zikiwa za baridi kama jiwe la mtoni. Tunataka pedi inayoshika kwenye kona ya kwanza, na bado ishike kwenye kona ya mwisho ikiwa ya moto na ina mzigo mgongoni. Sifa hizo mbili hazikai pamoja kirahisi.

Duka la spea lilikuwa jembamba, rafu zimepanda mpaka darini. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, aliuliza aina ya gari, na kabla Shangazi hajafunga mdomo boksi lilikuwa mezani.

"Hizi ndizo zinazotoka sana."

"Sikuuliza zinazotoka. Hujaniuliza naishi wapi."

"Nikuulize unapoishi ili nije kukuposa?"

"Karibu. Kuja utakuja vizuri. Kazi itakuwa kushuka na hizi pedi zako. Hata jibu langu hutawahi kumsimulia mtu."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja waliangua kicheko. Muuzaji akashusha miwani machoni, na nikaona amemtazama Shangazi kwa mara ya kwanza.

"Haya, mama. Unaishi wapi?"

Alimweleza kama anavyotaka wateja wake wamweleze madirisha: mteremko, kona, ukungu wa asubuhi, uzito wa majora, foleni za mjini.

"Unashuka na gia gani?"

"Ya pili."

"Afadhali. Kuna watu wanashuka na ya nne, breki zikiungua wananitukana mimi."

Akarudisha lile boksi la kwanza na kuleta mengine mawili. Pedi za boksi moja zilikuwa laini, hazipigi kelele, hazitoi vumbi, nzuri kwa mtu wa mjini. Za boksi la pili, alisema, zimetengenezwa kwa gari la barabarani lakini zinavumilia joto kubwa zaidi. Nilizigeuza. Chuoni nilisoma mambo ya vyuma na joto, na nilijua pa kutazama. Pembeni mwa pedi, mwishoni mwa namba ndefu, kulikuwa na herufi mbili. Ya kwanza inaeleza mshiko wa pedi katika joto la kawaida, ya pili inaeleza mshiko wake ikishachemka. Herufi ikisogea mbele katika alfabeti, mshiko unaongezeka.

"Tazama, Shangazi. Hizi laini herufi ya pili inarudi nyuma. Zikichemka zinalegea. Hizi nyingine herufi zote mbili zinalingana."

"Kijana, herufi zisikuleweshe," muuzaji alisema. "Hazikuambii pedi itadumu kiasi gani. Wala hazijui pedi ikiwa ya baridi kabisa inakuwaje."

"Lakini hii ikichemka inalegea. Hilo zinaniambia."

Akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga. "Hilo zinakuambia," alikubali. "Na hizi nyingine asubuhi zinashika. Nimeziweka kwenye gari langu mwenyewe."

Shangazi alikuwa akipapasa pedi kwa kidole gumba, kama anayepima uzito wa kitambaa. "Ubaya wake ni nini?"

Muuzaji alisita. Nadhani si swali analoulizwa mara nyingi. "Zitachafua rimu kwa vumbi jeusi. Siku nyingine zitalia kidogo. Na diski zitalika haraka kuliko ukitumia zile laini."

"Basi?"

"Basi."

"Kitambaa kizito nacho kinakusanya vumbi, na watu wanakifua. Nipe hizo."

"Lakini usizitoe hapa ukakimbilia mlimani," alituambia tukiwa mlangoni. "Zizoeshe kwanza."

Alhamisi mchana fundi alizifunga, na Shangazi akaenda kuzizoesha kwenye barabara tambarare inayopita nyuma ya maghala, ambako hakuna watu wala magari mengi. Aliongeza mwendo kiasi, akakanyaga kwa uthabiti mpaka gari likakaribia kusimama, akaachia kabla halijasimama, akaongeza tena. Akarudia na kurudia, mpaka harufu kali ikajaa ndani.

"Mama, zinaungua."

"Zinaiva, Turbo. Nyamaza."

Ndivyo inavyotakiwa. Pedi mpya na diski lazima zipate kuzoeana, uso wa moja ujipake kwenye uso wa nyingine sawasawa, na ukisimama kabisa zikiwa za moto zinaacha alama mahali pamoja. Baada ya hapo alitembeza gari polepole bila kugusa breki, zipoe. Turbo alipotaja kumwagia maji magurudumu, aliangaliwa kwa jicho moja tu, likamtosha.

Tulipakia majora, tukafunga fimbo juu, tukaliacha gari getini mpaka rimu zikawa za baridi mkononi. Ndipo Shangazi akaliwasha. "Nasimama kwenye nguzo ile," alisema tukiikaribia kona ya kwanza, na gari likasimama kwenye nguzo ile. Tulishuka mpaka chini. Kwenye kona ya mwisho alichagua uzio wa watu, akasimama pale alipochagua. Tukapanda, tukashuka tena. Mguu wake ulikuwa unakanyaga kwa upole uleule.

Jioni alimweleza Bibi. Bibi alisikiliza huku akipapasa upindo wa pazia lililokuwa mapajani mwake.

"Mlikuwa na mzigo?"

"Tulikuwa nao."

"Vitambaa havina roho."

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe una roho ngumu."

Shangazi akavuta jora, akakaa karibu naye. "Sijawahi kumpelekea mteja pazia ambalo hukulikagua. Sasa unakagua kwa vidole, na najua unanisamehe mengi. Mimi sitaki kusamehewa. Nataka uone mshono ukipinda, unifumulishe kama zamani."

Vidole vya Bibi vilisimama juu ya upindo.

"Huu hapa umepinda," alisema mwishowe. "Nendeni mkale."

Hakuna aliyejua jibu lilikuwa lipi. Nilirudi kwangu nikiwa na hotuba nzima kichwani ya kumshawishi.

Asubuhi nilipofika, hotuba haikuhitajika. Bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkanda kifuani, mkoba mapajani, macho ameyafumba.

"Nani huyo? Mume wangu? Panda nyuma. Na msiniambie tukianza kushuka."

Mimi na Turbo tukakaa nyuma. Shangazi akaondoa gari. Kona ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na mimi nilikuwa nikitazama mikono ya Bibi iliyoukamata mkoba. Baada ya kona ya tatu tukakuta lori la maji linatoka uchochoroni kinyumenyume, limeziba barabara nzima, dereva wake anatazama upande mwingine. Shangazi alikanyaga. Pedi zililia kidogo, sauti nyembamba, na gari likasimama, kati yetu na lori pakibaki nafasi ya kutosha kuweka kitanda. Turbo akashusha pumzi.

Bibi akafumbua macho. "Tumefika?"

"Bado, Mama. Tumesimama tu."

Akageuza uso kwenye kioo cha mbele, ambako nadhani kwake palikuwa na doa moja kubwa jeupe. "Kuna nini?"

"Lori."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Bibi akalitafakari. Halafu akaachia mkoba, akalegeza mabega, akaegemea kiti.

"Lipishe lipite," alisema, "halafu twende. Daktari alisema asubuhi."